Kwita Izina: Kinigi inapowapa majina watoto wa sokwe

Kinigi, mji mdogo ulio chini ya milima ya volkano kaskazini mwa Rwanda, hufanya kila mwaka sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani waliozaliwa katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Sherehe hiyo huitwa Kwita Izina, maana yake kutoa jina kwa lugha ya Kinyarwanda. Siku hizi hufanyika aghalabu mwezi Septemba, wakati asubuhi za nyanda hizo, zilizo juu ya mita 2,000, zingali na baridi na ukungu.

Chimbuko lake

Kwa mila ya Wanyarwanda, siku chache baada ya mtoto kuzaliwa, ndugu na majirani hukusanyika nyumbani, na watoto wa jirani hualikwa kupendekeza majina. Majina ya sokwe yalikuwa yakitolewa kimyakimya na askari wa hifadhi pamoja na watafiti, hadi mwaka 2005 ilipoanzishwa sherehe ya hadhara.

Siku hiyo wakazi hufurika uwanjani, ngoma za Intore huchezwa, na watoa majina, miongoni mwao walinzi wa hifadhi, wanasayansi na wanamichezo, hupanda jukwaani kutamka jina na kueleza maana yake. Sokwe wenyewe hubaki msituni na mama zao. Mwaka 2023 watoto 23 walipewa majina.

Jina na ulinzi

Sokwe jike huzaa, kwa wastani, mtoto mmoja kila baada ya miaka minne, hivyo kifo cha mmoja ni pigo kubwa. Wafuatiliaji humtambua kila sokwe kwa mikunjo ya pua yake. Anaponaswa na mtego au kuugua, hujulikana ni nani na wa kundi gani.

Mapema miaka ya 1980, safu ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ilikuwa na sokwe wapatao 250. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604. Novemba 2018, sokwe wa milimani waliondolewa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka, ingawa bado wamo hatarini.

Mvutano wa ardhi

Ongezeko hilo limeleta mtihani mpya. Hifadhi ina takriban kilomita za mraba 160 tu, baada ya sehemu kubwa ya msitu kukatwa miaka ya 1960 na 1970 kupisha kilimo cha pareto. Mashamba ya viazi yamefika mpakani, nyati huvuka ukuta wa mawe na kula mazao, na makundi ya sokwe yanayobanana hupigana, mapigano yanayoua hata watoto.

Tangu mwaka 2017, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi, badala ya 5 ya awali, hupelekwa kwenye miradi ya jamii kama vile shule, zahanati na maji. Serikali pia imepanga kuipanua hifadhi kwa karibu robo ya eneo lake, hatua inayolazimu kaya za wakulima kuhamishwa. Makazi na riziki watakazopata wakulima hao ndizo zitakazoamua kama majirani wa msitu wataendelea kuiona sherehe hii kuwa yao.