Biashara iliingia darasani ikakaa kiti cha nyuma

Mjomba wangu alisomea useremala kwenye poli ya kijijini, kitambo mimi sijazaliwa. Akikuchongea kitanda unaona haya kukilalia. Lakini muulize kitanda hicho kimemgharimu pesa ngapi, atakuangalia tu. Bei ya mbao anaijua. Siku nne za jasho lake hazimo kwenye hesabu.

Nikataka kujua: kwani huko poli hawakumfundisha?

Basi skizeni. 1966 makanisa ya Kenya yalitoa ripoti iliyouliza swali moja: baada ya shule, nini? Humo ndimo zilimotoka poli za vijiji, useremala, uashi, ushonaji. 1972 shirika la kazi duniani, ILO, likaandika kuwa watu wa jua kali si wazembe kama serikali ilivyowaona, wanazalisha na wanaajiri. 1985 ikaja 8-4-4, kila mtoto ashike randa na sindano, wazazi wajenge karakana. Sehemu nyingi karakana zilibaki kuta bila paa. Na mtihani ndio ulikuwa bosi, kwa hivyo hata randa ilisomwa kwa daftari.

Ujasiriamali wenyewe uliwekwa rasmi kwenye vyuo vya ufundi 1990. Cheki hiyo hesabu: miaka 24 baada ya lile swali. Mjomba alikuwa ashamaliza zamani. Na mimi niliyelikuta somo lenyewe chuoni kabla sijaacha, niliandika mpango wa biashara ya kuku ambao hawakuwahi kuwepo. Nikapata alama nzuri sana. Kuku hata mmoja sikumwona.

Sasa njooni Gazi, hapo Msambweni. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ina kituo pale, na tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipanda mikoko na wanakijiji. Walipima unene wa miti, wakapima na matope, wakajua kiasi cha kaboni kilichofungiwa humo. 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, Gazi na Makongeni: kaboni ile inauzwa nje, pesa zinarudi kwa maji na vitabu vya shule. 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ni pesa ya kijiji, sio ya mtu mmoja, kwa hivyo usiniambie mtu ametajirika. Lakini hapo sayansi na soko vilikutana kwenye tope moja. Mimi nimekulia Ukunda, nimesoma Baiolojia miaka minne, na hakuna siku tulipelekwa Gazi kuona hilo.

Hii inaniuma zaidi sasa. Mgodi wa titani wa Kwale ulimaliza kuchimba Desemba 2024. Kuna vijana wanajua kuchomelea, wanajua umeme wa mitambo mikubwa, na wamerudi nyumbani na vyeti kwenye bahasha. Ufundi wanao. Wengi wao wakiulizwa bei ya kazi, watamwangalia mteja kama mjomba.

Juzi nilikaa naye na karatasi tukaandika kila kitu, mpaka nauli ya mbao. Kitanda kile amekuwa akikiuza kwa hasara. Hakuniongelesha siku mbili.