Simba-mtu
nm (wi. simba-watu) [a-/wa-] Katika imani za jadi, mtu anayejigeuza simba kwa uchawi, au simba anayetumwa na mchawi kuua.

Neno hili lisichanganywe na *simba mla watu*, mnyama wa kawaida aliyezoea kuwinda binadamu. Simba waliowaua watu wilayani Njombe katika miaka ya 1930 na 1940 walikuwa wanyama halisi, na bwana nyama wa serikali ya kikoloni, George Rushby, aliwawinda kwa bunduki. Hata hivyo, wenyeji wengi waliamini kuwa wametumwa. Kwao walikuwa simba-watu. Huko Singida mambo yalikuwa kinyume: katika kesi za simba-watu za miaka ya 1940, walioshtakiwa kwa mauaji ni binadamu, na baadhi yao walinyongwa. Mfasiri wa habari za wakati huo akiteleza hapa, humtwika mnyama kosa la mtu, au mtu kosa la mnyama.

Wingi wa *simba mla watu* ni *simba wala watu*, ambao msomaji anaweza kuudhania “si simba, wala si watu”. *Simba walao watu* huondoa utata huo.