Pikipiki zetu zililelewa na upepo

Kianjai tunajua joto la pikipiki kwa pua. Nduthi ikipita stegi na ile harufu ya oili iliyoungua, kila mtu anageuka na kusema, "Hiyo inajam leo." Mara nyingi tuko sawa. Ile siku hatukuwa sawa, hasara ilimwangukia baba yangu mdogo.

Yeye ni mtu wa AI, wale wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Ng'ombe akiingia joto hangoji kesho, kwa hivyo pikipiki kwake si starehe. Mwaka juzi aliuza mtamba, akaongezea mkopo wa chama, akanunua 250 ya Japani ya miaka ya tisini, iliyotumika, yenye rejeta. Miezi miwili ilikuwa tamu. Halafu ikaanza kuchemka ikipanda mlima. Fundi wa kwanza akamwaga oili na kuweka nzito zaidi. Wa pili akasafisha kabureta na kuangalia plagi. Wa tatu akang'oa thamostati, akaitupa, ati inazuia maji. Na wote wakajaza rejeta maji ya mfereji. Mwezi wa nne injini ikashika karibu na Muriri, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Pale sokoni watu walisema mafundi ni wezi. Mimi nilisema hapana, na bado nasema. Walifanya vile walivyofunzwa na historia ya pikipiki za hapa.

Wazee wanakumbuka pikipiki za kwanza zikiwa za watu wa ofisi: afisa wa kilimo, mtu wa afya, padri wa misheni. Yamaha, Suzuki, Honda. Kulikuwa na zile za kuchanganya oili na petroli, za moshi wa buluu, ambazo oili ikiisha kwa tangi pistoni inashika papo hapo. Joto lilikuwa habari ya oili tangu siku hizo. Maji? Maji yalikuwa ya kuoshea pikipiki Jumamosi.

Boda yenyewe ilianza bila injini, na baiskeli za Busia na Malaba zilizovusha watu mpakani miaka ya sitini. Pikipiki zilikuja kumwagika vijijini baada ya 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa zile ndogo, chini ya 250cc. Zikaja za Uchina, halafu Boxer na TVS za India zikashika soko. Zote za upepo. Silinda ina yale mapezi ya chuma kuizunguka, hewa inapita, joto linatoka, na oili inabeba lile lingine.

Hizo za Uchina zina hadithi ambayo inafaa kusimuliwa. Nyingi zimetoka kwa injini moja, Honda CG125 ya 1976. Wahandisi wa Honda waligundua kwamba katika nchi kama zetu watu hawabadilishi oili kwa wakati, na injini zenye kemshafti huko juu kwa hedi zinalika mapema. Hawakukaa kutufokea. Walishusha kemshafti chini karibu na oili, wakaweka fito za kusukuma valvu. Yaani kuna mtu Japani alikaa mezani akachora injini akijua kabisa kwamba hutaitunza! Sisi tumejifunza ufundi kwa injini iliyoundwa kutuvumilia.

Si kwamba za maji hazikuwepo duniani. Alfred Angas Scott wa Bradford, Uingereza, alianza kuuza pikipiki ya kupozwa kwa maji mwaka 1908. Suzuki walitoa GT750 mwaka 1971, na Waingereza wakaibandika jina la Birika. Lakini Honda Super Cub ya 1958, ndogo, ya upepo tu, ndiyo iliyozunguka dunia. Kufikia 2017 walikuwa wametengeneza milioni 100. Maskini wa dunia nzima walipewa upepo, na kusema kweli ulikuwa uamuzi wa busara. Rejeta ikitobolewa na jiwe huku ndani, utaziba na nini?

Kwa hivyo fundi wa hapa akiona joto, anauliza maswali ya upepo. Oili imepungua? Matope yamejaa kwa mapezi? Kabureta inapeleka petroli kidogo, plagi imekuwa nyeupe? Tapeti zimebana? Breki ya nyuma inashika? Maswali mazuri hayo, na yamelisha nyumba nyingi. Kwa Boxer yatakufikisha.

Lakini pikipiki ya baba mdogo haikuulizwa hata swali moja la maji. Nilienda kuifungua na rafiki yangu aliyefanya kazi ya magari Nairobi. Yeye hakugusa kabureta. Alichukua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akanionyesha mpira wake umekauka na kupasuka kama kisigino. Ni hicho tu.

Hapo inabidi ufikirie sufuria. Mtu wa Timau anajua githeri inachukua muda kuiva, kwa sababu huko juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Hata sisi Kianjai tuko juu kiasi. Kifuniko cha rejeta kinabana maji ndani ili yapite hizo nyuzi 100 bila kuchemka. Mpira ukifa, unaendesha sufuria wazi. Maji yanatoka kidogo kidogo kila safari, unajaza, yanatoka tena. Siku moja hujajaza. Hedi inapinda, gasketi inaachilia, maji yanaingia kwa oili. Ile chai ya maziwa. Thamostati ya watu haikuwa na kosa lolote, na yale maji ya mfereji bila kulanti yalikuwa yameanza kula aluminiamu, tulikuta uchafu mweupe kwa njia za maji.

Ukinunua moja ya hizi za zamani, angalia kifuniko kwanza, injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa moto usijaribu, yatakurukia usoni. Washa bila kifuniko: mapovu yakitoka mfululizo, gasketi imeenda. Ikishapata moto, gusa paipu ya juu na ya chini kwa uangalifu. Joto la paipu hizo lisipokuwa la kawaida, hapo sasa ndipo umshuku thamostati. Feni nayo, hakikisha inazunguka.

Baba mdogo bado analipa chama. Amerudi kwa Boxer, na ile 250 iko nyuma ya zizi, imefunikwa na gunia. Fundi wa tatu alikuja kuiona mwezi uliopita. Alishika kile kifuniko muda mrefu, akaniuliza kinauzwa pesa ngapi. Nilipomwambia, hakujibu kitu. Aliomba kwenda nacho, akakitundika kwa msumari pale kwa banda lake.