Usalama wa vipokea sauti visivyo na waya

Usalama wa vipokea sauti visivyo na waya ni kinga ya mazungumzo na taarifa binafsi za mtu anayetumia vifaa vya masikioni vinavyounganishwa na simu kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth, ambayo kwa kawaida hufika mita 10 hivi. Kwenye daladala iliyojaa ya Mbagala, Dar es Salaam, umbali huo ni gari zima. Anayefungua orodha ya Bluetooth anaweza kuona majina ya simu za jirani zilizo tayari kuunganishwa, na wengi huzipa majina yao halisi.

Hatari kubwa ipo kwenye chipu. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa ufunguo wa siri wa Bluetooth ungeweza kufupishwa hadi baiti 1, kiasi cha kukisiwa kirahisi. Mwaka 2025 kampuni ya Ujerumani ya ERNW ilitangaza kasoro katika chipu za Airoha, zinazotumiwa na chapa nyingi: mtu aliye karibu aliweza kuunganika bila idhini, hata kusikiliza kupitia maikrofoni. Tiba ni kusasisha programu ya kifaa, jambo ambalo vifaa vingi vya bei nafuu haviruhusu.

Kisheria, nchini Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuyanasa bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasimamia wanaokusanya taarifa hizo.