Farasi Jike wa Lord Morton

Mwaka 1821, Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha barua ya Lord Morton, kabaila wa Uskoti. Morton alikusudia kufuga kwaga, punda milia wa Afrika Kusini ambaye milia yake ilififia kuanzia mgongoni kurudi nyuma. Alipokosa jike, akampandisha dume lake kwa farasi mwenye asili kubwa ya Kiarabu, akazaliwa chotara. Farasi huyo akauzwa. Kwa mwenyewe mpya alipandwa na dume jeusi la Kiarabu, na watoto wakatoka na milia miguuni na singa zilizosimama wima shingoni, kana kwamba kwaga angali baba yao.

Hivyo ndivyo walivyoamini wasomi: kwamba dume la kwanza huacha alama ndani ya jike, ikawafikia hata watoto wa dume jingine. Darwin mwenyewe aliikubali habari hiyo katika kitabu chake cha 1868. Kutoka zizini imani ikaingia nyumbani. Waandishi na madaktari wa Ulaya walidai kuwa mtoto wa mjane aliyeolewa tena angeweza kufanana na marehemu, na wenye kujali usafi wa damu wakapata sababu nyingine ya kumchunga mwanamke. Mwanamume hakuulizwa alikopita.

Profesa James Cossar Ewart wa Edinburgh aliamua kuijaribu. Huko Penicuik, kuanzia 1895, alimpandisha punda milia aitwaye Matopo kwa farasi mbalimbali. Mama wa chotara wa kwanza, Romulus, aliyezaliwa 1896, aliitwa Mulatto, yaani chotara wa mweupe na mweusi. Hata zizi la mtaalamu lilikuwa na msamiati wa makoloni. (Neno letu chotara nalo hutumika kwa mnyama na kwa binadamu, wala si kila mara kwa heshima.) Kisha farasi hao wakapandwa na madume ya farasi. Milia hafifu ilionekana kwa baadhi ya watoto. Lakini ilionekana pia kwa watoto wa majike ambao hawakupata kumkaribia punda milia. Basi ilikuwa rangi ya kale ya ukoo wa farasi, isiyohitaji baba wa pili. Ewart alichapisha matokeo yake mwaka 1899.

Alikuwa na tumaini jingine. Mbung'o walikuwa wakiua farasi na ng'ombe barani Afrika, ndiyo maana shehena nyingi za bara zilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Ewart alitarajia chotara wa punda milia astahimili maradhi hayo. Tumaini hilo halikutimia.

Kwaga wenyewe hakuwapata: wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Baadaye, vinasaba vilivyotolewa katika ngozi kuukuu ya kwaga vilionyesha kuwa alikuwa ndugu wa karibu wa punda milia wa nyikani, jamii ya Matopo.