Mlangamia

Mlangamia (*Cassytha filiformis*) ni mmea wa kimelea wa jamii ya Lauraceae, ilimo pia mparachichi na mdalasini. Carl Linnaeus aliupa jina la kisayansi mwaka 1753. Hauna majani ya kuonekana. Hutanda juu ya vichaka na miti kama wavu wa nyuzi za kijani au za rangi ya machungwa. Mbegu huota ardhini, lakini uzi mchanga ukishapata mti hujishikiza kwa vifyonzio vidogo, hunyonya maji na chakula, na mzizi wake hufa.

Huota katika nchi nyingi za joto. Tanzania unapatikana hasa katika vichaka vya pwani, na pia katika Mkoa wa Tanga, zilimo wilaya za Handeni na Korogwe. Ukivamia michungwa au mikorosho huidhoofisha.

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huitwa akashavalli. Mimea ya Cuscuta nayo huitwa hivyo, kwa hiyo maelezo ya tiba hiyo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu mkubwa. Unga wa mlangamia huchanganywa na mafuta ya ufuta ukapakwa kichwani kuimarisha nywele. Ukitiwa siagi na tangawizi kavu, hupakwa vidonda sugu. Hutumika pia kwa maradhi ya nyongo na ya njia ya mkojo.

Mlangamia una alkaloidi za kundi la aporfini, na kuunywa kwa wingi ni hatari. Nchini Tanzania, waganga wanaotibu kwa mimea na dawa zao husimamiwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.