Vyombo: Kutoka Jikoni Hadi Bandarini

Mpangaji akihama hupakia vyombo kwenye mkokoteni. Shughuli ikiisha, vyombo huoshwa. Na Lamu, msimu wa kaskazi, wazee walikaa forodhani kungoja vyombo kutoka Arabuni. Chungu cha mchuzi ni chombo, na jahazi lililosheheni tende ni chombo pia. Neno hili la Kibantu limevipa vyote viwili dhamana ya kubeba shehena bila upendeleo.

Chombo cha bahari ndicho kilichobadilisha vyombo vya nyumbani. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinautaja mji wa Rhapta, ulioitwa hivyo kwa mashua zake za kushonwa, na kinaeleza kwamba wageni waliuletea mikuki, mashoka madogo, visu, misharasi na vitu vya kioo. Karne nyingi baadaye, katika miji ya Shanga na Kilwa, vigae vinavyofukuliwa vinasimulia mengi zaidi. Vilivyo vingi mno ni vya vyungu vilivyofinyangwa papo hapo; vya Uajemi na Uchina ni sehemu ndogo. Na hivyo vichache havikuwekwa mekoni: vilikuwa vya kuandalia, na vingine vya fahari tupu, kama vyombo vya Kichina vilivyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi.

Msamiati wetu umeufuata mgawanyo huohuo. Kazi ya kupika imebaki na majina ya Kibantu: chungu, kinu, mchi, mwiko, upawa, kifumbu cha kuchujia tui. (Mbuzi ya kukunia nazi nayo ni ya kwetu, ingawa mgeni akiambiwa “kalia mbuzi” huangaza macho uani.) Anapofika mgeni, majina hugeuka. Sahani ni ya Kiarabu. Birika limetoka kwa *ibriq*, ambayo Waarabu waliichukua kwa Waajemi, ikiwa na maana ya kumimina maji. Birika la msikitini, la kutilia udhu, lina asili nyingine, *birka*, yaani dimbwi. Sinia kwa Kiarabu ni *siniyya*, kitu cha Uchina, na linaitwa hivyo hata likiwa la bati. Meza yenyewe ni ya Wareno.

Aliyevunja mpaka ni sufuria. Jina lake limetokana na *sufr*, shaba ya manjano, nayo iliingia moja kwa moja hadi kwenye mafiga, ikakiondoa chungu katika nyumba nyingi, japo wapishi wa samaki wa kupaka na wa mboga za nazi bado wana la kusema kuhusu ladha. Leo sufuria nyingi ni za alumini, shaba haimo hata chembe. Nchini Kenya, hata anayezungumza Kiingereza hulitamka jina hilo lilivyo.